Ganzi baada ya mionzi: hatua za kufuata neva au uti wa mgongo unapoumia

Mama mkubwa alimaliza mionzi ya saratani ya titi, akarudi Tanga kwenye biashara yake ya vitumbua. Mwaka wa tano, vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Zahanati walimpima presha, wakamwambia huo ni mwanzo wa kiharusi. Jirani akasema kuna mtu kamfanyia. Sisi nyumbani tukamkanda mkono kwa maji ya moto, na asubuhi tukakuta malengelenge kiganjani: ngozi ilikuwa imeungua na yeye hakusikia chochote. Ilipita karibu miezi minane kabla daktari mmoja hajauliza swali ambalo sote tulipaswa kuliuliza siku ya kwanza. Ulipigwa mionzi sehemu gani, na lini?

Naandika mwongozo huu kwa sababu ya hiyo miezi minane. Ni wa mtu aliyewahi kupata mionzi na wa anayemuuguza. Hauchukui nafasi ya daktari, ila utakusaidia kufika kwake mapema ukiwa na mambo anayoyahitaji mkononi.

Kinachotokea mwilini

Mionzi hulenga uvimbe, lakini njiani hupita kwenye nyama nzima. Ikipita kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, huharibu mishipa midogo ya damu inayozilisha, na ile ala ya mafuta inayozifunika kama plastiki inavyofunika waya. Taratibu, nyama iliyozizunguka hugeuka kovu gumu na kuzibana. Kovu hilo halina haraka. Linaweza kuchukua miezi, miaka, hata miongo, ndiyo maana mgonjwa mwenyewe huwa ameshasahau habari za mionzi dalili zinapoanza.

Dalili hufuata mahali palipopigwa. Mionzi ya titi, kwapa au sehemu ya juu ya pafu hugusa fungu la neva linalopita chini ya mtulinga kwenda mkononi. Ya mlango wa kizazi, njia ya haja kubwa au tezi dume inaweza kugusa neva za miguu zilizo ndani ya nyonga. Ya koo na nyuma ya pua hugusa neva za ulimi na za kumeza. Ya shingo, kifua au mgongo wenyewe inaweza kufika kwenye uti wa mgongo. Nikisema uti wa mgongo hapa simaanishi mifupa, namaanisha ule mkonga laini wa neva unaopita ndani ya pingili, ambao ndio njia ya kila ujumbe kati ya ubongo na mwili.

Usisome haya ukaikimbia mionzi. Wataalamu wanalijua tatizo hili tangu zamani na hupanga dozi kwa kulikwepa. Dozi ya mionzi hupimwa kwa grei. Uti wa mgongo ukipata jumla ya grei 50 kwa vipande vya grei 2 kila siku, uwezekano wa kuumia ni kama asilimia 0.2, yaani watu wawili katika elfu. Ikifika grei 60 unapanda hadi asilimia 6 hivi, na kwenye grei 69 ni karibu nusu. Kwa hiyo ni jambo la nadra kwa aliyetibiwa kwa mpango mzuri. Lakini likikupata wewe, hesabu ya elfu haikusaidii kufunga kifungo cha shati.

Hatua ya kwanza: jua dalili zisizosubiri kesho

Nimeanza na hii kwa makusudi. Mtu aliyewahi kuugua saratani akipata lolote kati ya haya, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili:

- miguu kuishiwa nguvu ndani ya saa au siku chache, au kuanza kuanguka anapotembea;
- mkojo kugoma kutoka wakati kibofu kimejaa, au mkojo na choo kutoka bila kujijua;
- ganzi sehemu za siri, makalioni na mapajani kwa ndani, pale panapogusa tandiko la baiskeli;
- maumivu mapya ya mgongo yanayozidi usiku, akilala chali, akikohoa au akipiga chafya.

Sababu ya haraka hii si mionzi. Jeraha la mionzi kwa kawaida huenda polepole. Haraka ni kwa sababu saratani ikirudi kwenye pingili inaweza kuubana uti wa mgongo, na hapo kila saa ina thamani: aliyefika hospitali akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea, na aliyefika akiwa amepooza tayari mara nyingi harudi alipokuwa. Ukifika mapokezi usiseme "mgongo unamuuma" tu. Sema: "Alikuwa na saratani, na sasa miguu inaishiwa nguvu." Sentensi hiyo ndiyo inayomtoa mtu kwenye foleni.

Hatua ya pili: tafuta karatasi ya mionzi

Kila aliyetibiwa ana taarifa yake kwenye kituo alikotibiwa, iwe ni Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Kenyatta Nairobi au Mulago Kampala. Watu wengi hutoka na kadi ya kliniki peke yake, ambayo ina tarehe za kurudi na si zaidi. Omba muhtasari wa matibabu. Unapaswa kuonyesha sehemu ya mwili iliyopigwa, jumla ya dozi kwa grei, idadi ya vipande, yaani mara ulizolala chini ya mashine, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kama ulipata mionzi ya ndani, yaani inayowekwa ndani ya mwili, na majina ya dawa za kemo, zile za kuua saratani, ulizopewa.

Kwa mfano, titi hupigwa mara nyingi grei 50 kwa mara 25 katika wiki tano, au grei 40 kwa mara 15 katika wiki tatu. Ukubwa wa kila kipande ni muhimu sana kwa neva, kwa sababu neva huumizwa zaidi na vipande vikubwa hata kama jumla ni ndogo. Kwa hiyo daktari akisikia "alipigwa mionzi" tu, hajasikia kitu. Anahitaji namba.

Karatasi ikipatikana, ipige picha kwa simu na uwatumie watu wawili wa familia. Karatasi hukaa chini ya godoro, mvua ikinyesha inaisha. Na ikitokea siku moja daktari anataka kurudia mionzi mahali palepale, bila hizo namba hatajua neva zimebakiwa na uvumilivu kiasi gani. Hiyo ni hatari kuliko zote nilizozitaja.

Hatua ya tatu: weka daftari la dalili kwa wiki mbili

Kama huna dalili za hatua ya kwanza, usikimbilie dawa. Fungua daftari la shule, andika tarehe, na uandike kinachoshindikana. Maneno kama "nasikia vibaya" hayamsaidii mtu. Andika kazi. Ndala inavuka mguuni na sijui imebaki wapi. Nashindwa kufunga kanga. Kisu kinaniponyoka nikimenya mihogo. Nabonyeza namba ya siri ya simu, kidole kinakwenda pembeni. Ulimi unavutwa upande mmoja, chai inanipalia.

Andika pia dalili zilianza upande gani, zinapanda au zimetulia, na kama kuna maumivu. Maumivu yana maana yake: mkono ulioumizwa na mionzi huwa na ganzi na udhaifu zaidi kuliko maumivu, hasa mwanzoni. Mkono unaouma vikali tangu siku ya kwanza, bega lote hadi kidole cha mwisho, unamfanya daktari aishuku saratani kwanza. Si sheria isiyovunjika, lakini ni kidokezo kikubwa.

Kuna dalili moja ya kutisha ambayo mara nyingi huwa nyepesi kuliko inavyoonekana. Miezi miwili hadi minne hivi baada ya mionzi ya shingo au kifua, mtu akiinamisha kichwa husikia shoti ya umeme ikishuka mgongoni hadi kwenye miguu. Inaitwa kwa jina la Jean Lhermitte, daktari Mfaransa. Ikija mapema namna hiyo na bila udhaifu wowote, kwa kawaida hupoa yenyewe ndani ya miezi michache, na haimaanishi kwamba utapooza. Mwambie daktari wako, kisha ulale.

Ile ya uti wa mgongo inayopaswa kufuatiliwa kwa karibu huja baadaye, kuanzia miezi sita na kuendelea, hata baada ya miaka. Mara nyingi huanza kwa namna ya ajabu: mguu mmoja ni mzito, na ule mwingine una nguvu lakini hausikii moto wala baridi. Mtu anaingiza mguu kwenye beseni, mmoja unasema maji ni ya moto, mwingine haujibu. Ukiliona hilo, liandike kwa herufi kubwa, na usingoje wiki mbili ziishe.

Hatua ya nne: hospitalini, dai sababu nyingine zitafutwe

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "hii ni mionzi". Daktari hufika hapo baada ya kuondoa mengine yote, na kwetu mengine hayo ni mengi, na baadhi yana dawa. Ndiyo maana sikubaliani na anayemwambia mgonjwa "ni mionzi hiyo, zoea" bila kumpima.

La kwanza ni saratani kurudi. La pili ni kifua kikuu cha mgongo, ambacho hula pingili na kuubana uti, na kinatibika. La tatu, kwa waliokulia kandokando ya Ziwa Victoria hasa, ni kichocho: mayai yake yanaweza kufika kwenye uti wa mgongo, na nacho kina dawa. Virusi vya UKIMWI, kaswende na upungufu wa vitamini B12 vyote vinaweza kudhoofisha miguu. Kisukari huua neva za nyayo. Halafu kuna kemo yenyewe. Dawa kama paklitaxeli, sisplatini na vinkristini husababisha ganzi, lakini hiyo kwa kawaida hushika nyayo zote mbili na viganja vyote viwili sawasawa, kana kwamba umevaa soksi na glavu, na huanza wakati wa matibabu au muda mfupi baadaye. Ganzi ya mionzi hufuata eneo lililopigwa: mkono wa upande wa titi lililotibiwa, au miguu kwa aliyepigwa nyonga.

Kipimo kikuu ni MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Omba ipigwe kwenye eneo lililopata mionzi na juu na chini yake, na mpe mpiga picha ile karatasi ya hatua ya pili. Pingili zilizopigwa mionzi hubadilika, uboho wake hugeuka mafuta, na kwenye picha huonekana tofauti na pingili za jirani kana kwamba mtu amechora mpaka kwa rula. Kama uti umevimba au umesinyaa ndani ya mpaka huo huo, na hakuna uvimbe unaoubana, jibu linaanza kuonekana. Kwa mkono au mguu, kuna pia kipimo cha umeme wa neva na misuli. Sindano nyembamba huingizwa kwenye msuli, na msuli ulioumizwa na mionzi huweza kuonyesha mchezo wake wa kutetemeka kwa vipindi, ambao saratani kwa kawaida haiutoi.

MRI ni ghali, hilo sote tunalijua. Kabla ya kukata tamaa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali na uulize habari za msamaha, au uulize bima yako inalipa kiasi gani. Waulize kabla ya kuuza kitu.

Hatua ya tano: pokea ukweli kuhusu dawa

Hakuna dawa iliyothibitishwa kurudisha neva iliyokwisha kufa kwa mionzi. Ilitugharimu kuukubali ukweli huu, kwa sababu wanaouza vidonge vya "kuamsha mishipa" wako kila kona, na mama mkubwa alinunua chupa tatu.

Kinachofanyika ni kupunguza kuvimba pale kulipo, kutuliza maumivu, na kuzilinda nguvu zilizobaki. Daktari anaweza kuanzisha deksamethasoni, hasa uti ukiwa umevimba. Tafadhali usiinunue mwenyewe dukani kwa sababu ni rahisi na inaleta hamu ya kula. Inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na ukiitumia kwa wiki kadhaa kisha ukaiacha ghafla unaweza kuanguka. Huachwa kwa kushushwa polepole. Kuna hospitali duniani zinazojaribu hewa ya oksijeni yenye shinikizo kubwa, na dawa ya drip iitwayo bevasizumabu. Baadhi ya wagonjwa wamepata nafuu, lakini ushahidi wake bado ni mdogo. Nisingemshauri mtu auze kiwanja kwa ajili yake.

Kwa maumivu ya neva, yale ya kuchoma na kupiga shoti, diklofenaki na panadoli hazifiki mbali. Madaktari hutumia amitriptilini au gabapentini, wakianza na dozi ndogo ya usiku. Amitriptilini inaweza kuuzuia mkojo, kwa hiyo kama kibofu kinasumbua, sema kabla hujaandikiwa. Maumivu yakizidi hapo, iko morfini ya maji, na usiiogope kwa sababu ya jina lake. Misuli ikikakamaa, kuna baklofeni.

Halafu mazoezi ya viungo, ambayo naona ndiyo yaliyomsaidia mama mkubwa kuliko kidonge chochote. Mtaalamu alimfundisha kunyoosha vidole kimoja kimoja kwa mkono wa pili, asubuhi na jioni, ili visijikunje na kugandia. Mkono usiachwe kuning'inia, uwekwe kwenye mbeleko ya kitambaa unapotembea na juu ya mto unapokaa. Kama ni mguu na unyayo unaburuzika, karakana ya viungo bandia inaweza kutengeneza plastiki ya kushikilia kifundo inayoingia ndani ya kiatu. Watu wengi huanguka na kuvunjika nyonga wakati kifaa hicho kingewasimamisha.

Hatua ya sita: panga nyumba upya kwa ajili ya ngozi isiyosikia

Kwanza kabisa, acheni kukanda. Najua kukanda ni upendo, ndivyo tulivyolelewa, lakini maji ya moto kwenye ngozi yenye ganzi ni jeraha. Vivyo hivyo kuumikwa, kuchanjwa chale na kupakwa dawa za kuwasha. Maji ya kuoga yajaribiwe na mtu mwingine, au na kiwiko cha upande mzima. Mgonjwa asikae karibu na jiko la mkaa, asipakate sufuria ya uji, na asitembee peku. Kabla ya kuvaa kiatu kikung'uteni, kwa sababu kokoto moja ndani ya kiatu cha mguu wenye ganzi inaweza kuzaa kidonda cha miezi. Kila jioni tazameni nyayo na visigino kwa tochi ya simu.

Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Gawaneni zamu, mtu mmoja hawezi. Wekeni mto kati ya magoti na chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vielee. Ngozi ikiwa nyekundu, au nyeusi zaidi kuliko kawaida, na rangi hiyo isirudi baada ya nusu saa, mahali hapo pasilaliwe tena mpaka papone. Msipasugue.

Mkojo ukishindikana, wengi huwekewa mpira wa kudumu wa kutoa mkojo na kurudishwa nyumbani nao. Uliza kama mgonjwa au anayemuuguza anaweza kufundishwa kuingiza mpira safi mara nne au tano kwa siku na kuutoa. Ni kazi ya kujifunza siku chache, na huleta maambukizi machache kuliko mpira unaokaa ndani kwa miezi. Choo kizoesheni saa yake, baada ya chai ya asubuhi, wakati tumbo lenyewe huamka, na mpeni maji, papai na mboga za majani. Kama jeraha la uti liko sehemu ya juu ya kifua au shingoni, na mgonjwa ghafla anaumwa kichwa cha kupasua huku anatoka jasho usoni, mkalisheni wima mara moja na mwangalie mpira: huenda umekunjika na kibofu kimejaa. Presha yake iko juu sana wakati huo. Isiposhuka baada ya mkojo kutoka, ni gari na hospitali.

Kwa aliyepigwa koo, kaeni naye akila. Akohoe kidogo ameze tena, kidevu kikiwa kimeinama kuelekea kifuani, na asinywe maji akiwa amelala. Homa na kikohozi kinachojirudia kwa mtu wa namna hii kinaweza kuwa chakula kinachoingia mapafuni.

Hatua ya saba: rudi kliniki hata kama hakuna jipya

Mkipewa jibu kwamba ni mionzi, msiihame kliniki ya saratani. Kovu huweza kusonga mbele polepole, na saratani nayo inaweza kurudi chini ya kivuli chake. Dalili ikibadilika mwendo, iliyokuwa ganzi ikaanza kuuma, au iliyokuwa imetulia ikaanza kupanda, hiyo ni sababu ya kurudi kabla ya tarehe. Beba daftari lilelile.

Na semeni. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotibiwa saratani ya titi kwa mionzi na kupoteza nguvu za mikono walijikusanya wakaunda kikundi kilichoitwa RAGE. Walikuwa wameambiwa mmoja mmoja kwamba tatizo ni lao peke yao. Walipohesabiana, ilibidi madaktari wa nchi hiyo wachunguze namna walivyotibiwa. Kwetu huku, kliniki ya Jumanne ina benchi refu, na aliyekaa pembeni yako huenda naye ndala inamvuka mguuni bila yeye kujua. Muulize.

Mama mkubwa anapika vitumbua bado. Mkono wa kulia haukurudi, unashikilia tu ukingo wa meza. Anamimina kwa kushoto, na kikaango anakiinua mjukuu.